Takwimu Husafiri Bila Mwenyewe



Naomba tuanze na mstari mmoja. Muuguzi wa kisiwa cha Idjwi, huku Kivu Kusini, amempima mtoto, akaandika kwenye kompyuta:

Idjwi;03/04/2024;12,5

Kwake hakuna fumbo: tarehe 3 Aprili, mtoto ana kilo kumi na mbili na nusu. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa huandika desimali kwa mkato, ndiyo maana kompyuta zetu hutenga safu kwa nukta-mkato. Sasa upeleke mstari huo kwenye kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani. Tarehe inakuwa 4 Machi. Na uzito? Zipo programu zitakazouruka mkato na kusoma 125. Muuguzi hakukosea, mashine haikuharibika. Wawili hao hawakupatana tu.

Zamani mjumbe aliyeleta barua aliweza kuulizwa: mzee alimaanisha nini hapa? Faili haiulizwi. Takwimu husafiri bila mwenyewe, kwa hiyo ni lazima ijieleze yenyewe huko iendako. Kwa haja hiyo viwango vya kubadilishana data vilitungwa: XML mwaka 1998, kisha JSON, iliyotambulishwa na Mmarekani Douglas Crockford mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa JSON, mtoto wetu anaandikwa hivi:

{"zoni": "Idjwi", "tarehe": "2024-04-03", "uzito_kg": 12.5}

Kila thamani imeshikana na jina lake. Desimali ni nukta popote duniani. Mwaka umetangulia, kama kiwango cha ISO 8601 kinavyoagiza.

Hata hivyo, tusidhani kazi imekwisha. Kwa JSON, tarehe ni herufi tu. Sisi ndio tuliokubaliana mwaka utangulie. Tena JSON haijui kwamba Idjwi na Ijwi ni kisiwa kimoja. Wala haijui bei iliyoandikwa 50 katika soko la Kadutu ni dola au faranga, mpaka tuongeze USD au CDF.

Nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inakusanya taarifa za afya kwa DHIS2, programu huria ya Chuo Kikuu cha Oslo yenye mizizi Afrika Kusini ya miaka ya 1990. Inapokea JSON, XML na CSV, yaani safu zilizotengwa kwa alama. Lakini zoni 34 za afya za Kivu Kusini zitasomeka pamoja endapo tu kila kituo kina alama yake moja, inayotumiwa na wote.

Namalizia na kisanduku kitupu, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Agosti 2019 Ebola ilifika Mwenga, humu humu Kivu Kusini. Siku kama zile, kituo kinachoandika 0 kinasema: tumetafuta, hatukumpata mgonjwa. Kituo kilichonyamaza pengine kimekatiwa njia na mvua, pengine hakina umeme. JSON ina neno la kimya hicho, null, na hailichanganyi na 0. Anayejaza sufuri mahali pa kimya ili jedwali lipendeze anaiambia Kinshasa kwamba kijiji ni salama, wakati hakuna aliyekwenda kukitazama.

Wanafunzi wangu, kabla ya kukusanya namba ya kwanza, andikeni ukurasa mmoja: jina la kila safu, kipimo chake, namna ya tarehe, orodha ya majina ya mahali, na maana ya kisanduku kitupu. Uandikeni mkiwa mmeketi pamoja na muuguzi anayejaza fishi, kwa lugha anayoisoma. Yeye ndiye anayejua kwa nini kisanduku kiliachwa wazi, na faili ikishaondoka Idjwi, hakuna tena wa kumwuliza.