Kilomita Arobaini na Mbili kwa Ajili ya Moyo wa Mtoto



Baadhi yetu tunajiandaa kwa marathoni yetu ya kwanza. Kilomita 42.195 ni zaidi ya mwendo wa kutoka Mpanda mjini hadi Sitalike. Sisi tuliopita miaka sitini tulianza kwa kupimwa shinikizo la damu. Siku nne kwa wiki tunaondoka alfajiri, kabla jua la Katavi halijawa kali, tukichanganya mbio na matembezi. Kila Jumapili twaongeza umbali kidogo, kisha twapumzika.

Mtoto wa huku anayehitaji upasuaji wa moyo mara nyingi hupelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Safari ni ndefu, na mzazi anayetegemea shamba la mahindi hana nauli wala akiba. Ndiyo maana twaomba ahadi ya mchango kwa kila kilomita tutakayoikamilisha. Tukiishia njiani, fungu lake litapungua.

Mwaka 1968 huko Mexico, John Stephen Akhwari aliumia goti, akamaliza zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Taifa humkumbuka kwa kumaliza.

Wazee wetu walituachia neno seva, yaani utumishi usiodai malipo. Asiyeweza kukimbia na aahidi awezacho, au atupikie uji. Haba na haba hujaza kibaba.