Mito Iliyo Chini ya Bahari

Ndugu zetu, tulipoileta habari hii kwenye kikundi cha kusoma, mzee mmoja alicheka. "Mto utapitaje baharini? Maji ndani ya maji?" Swali zuri. Tumjibu.

Chukueni yai bichi, mlitie katika maji matamu. Linazama. Korogeni chumvi nyingi. Linaelea! Maji yamekuwa mazito kuliko yai. Baridi nayo huyazidishia uzito. Na maji mazito yakikutana na mepesi, mazito hushika chini.

Sasa twendeni Antaktika, bara la barafu lililo Ncha ya Kusini. Pale Cape Darnley, wakati wa baridi, upepo mkali husukuma barafu ya baharini mbali na pwani. Maji yanabaki wazi, yanaganda, upepo unaisukuma barafu tena. Basi ni kazi ya usiku na mchana. Maji ya bahari huganda karibu digrii 2 chini ya sifuri, lakini chumvi nyingi haigandi pamoja nayo. Hubaki katika maji ya chini. Hayo yanakuwa mazito mno, yanateremka, yanaingia kwenye makorongo ya chini ya bahari, kama maji ya mvua yanavyofuata korongo mlimani, hadi kilindini.

Nani kayaona? Wataalamu wa Japani walitega vyombo vya kupimia katika makorongo mawili, Wild na Daly, kina cha zaidi ya meta 2,000. Hata sili, wale wanyama wa baharini, walibandikwa vyombo kichwani wakapiga mbizi navyo! Matokeo yalitangazwa mwaka 2013.

Ya nini kwetu? Maji ya namna hii hubeba oksijeni, hewa wanayovuta viumbe wa kilindini. Hutambaa miaka mingi, yakichanganyika na mengine, hupenya karibu na visiwa vya Amirante huko Shelisheli, yakafika kwenye vilindi vilivyo mbele ya pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Lakini kazi hiyo huweza kuharibika. Mwaka 2010, upande mwingine wa Antaktika, ulimi wa barafu wa Mertz uligongwa na siwa la barafu ukavunjika. Ulikuwa ukikinga maji ya wazi. Barafu mpya ikapungua, na maji yaliyoteremka yakawa mepesi. Tena dunia inapopata joto, barafu ya bara huyeyuka na kumwaga maji matamu baharini, na matamu, kama yai lilivyotuonyesha, ni mepesi. Vipimo vya miaka mingi vinaonyesha kwamba maji haya ya kilindini yanapungua na kupata joto.