Mwavuli wa Kindi



Ndugu zangu, dada zangu na wazazi wetu watukufu, leo tumzungumze mnyama mdogo ambaye wengi wetu tumemwona akipita mbio juu ya mwembe: kindi. Najua mwingine anajiuliza, "Huyu naye, mwezi wa Ramadhani katuletea kindi?" Subiri kidogo. Saa nane za mchana koo limekauka na kila mtu anatafuta kivuli. Je, kiumbe asiye na mti wa kukaa chini yake hufanya nini?

Twende kusini mwa bara letu, jangwa la Kalahari, pande za Botswana, Namibia na Afrika Kusini. Huko yuko kindi anayeishi ardhini kwenye mashimo. Miti ni ya kuhesabu, na chakula chake, nyasi, mbegu na mizizi, kiko nje juani. Asipotoka, njaa. Akitoka, jua. Afanyeje?

Hulipa jua mgongo, kisha huunyanyua mkia na kuulaza juu ya mgongo mpaka kichwani, nywele zimetanda kama upepo. Mkia wenyewe unakaribia urefu wa mwili wake. Amejitilia kivuli mwenyewe, na mikono inaendelea kula! Watafiti walioandika habari zake mwaka 1984 walikuta kivuli hicho hupunguza joto linalomfikia kwa zaidi ya digrii 5 za Selsiasi. Unaona ni kidogo? Walikadiria kwamba bila mkia angeweza kula nje kwa muda wa saa 3 hivi, lakini kwa mkia hufikia muda wa saa 7. Hapo ndipo penye tofauti ya kushiba na kulala njaa.

Lakini sikiza na hili: mwavuli hauzimi jua. Joto likizidi, kindi haoni haya kurudi shimoni kwenye ubaridi, akapoa, kisha akatoka tena. Anajua mpaka wake.

Na si joto peke yake. Kuna kindi wa kijivu wa Marekani anayeishi mitini. Huyu halali msimu mzima wa baridi kama wanyama wengine. Baridi ikikaza, hujikunja ndani ya kiota chake na kujifunika mkia kama blanketi. Mvua ikimkuta nje, mkia huo huo huja juu ya mgongo. Tena kuna kazi isiyoonekana kwa macho. Mwili ukipata joto, damu nyingi hupita mkiani na joto likatoka. Baridi ikija, damu ya mkiani hupungua ili joto libaki mwilini. Kitu kimoja, kazi ngapi?

Sasa turudi nyumbani. Kenya tuna kindi wa mitini, na katika nchi kavu za kaskazini tuna kindi wa ardhini pia. Mara ngapi umeona watoto wakimwinda kwa manati, au wakimfukuza wamshike mkia? Jueni kwamba ngozi ya mkia wa kindi huchubuka na kung'oka kwa urahisi, na mkia ukikatika haumei tena. Kijana hucheka, "Si amekimbia, hajafa!" Kweli hajafa. Lakini umemnyang'anya mwavuli, blanketi na usukani wa kurukia matawi, kwa mchezo wa dakika moja.

Najua kindi hufukua mbegu za mahindi, na mkulima ana haki ya kulinda shamba lake. Mimi nasema juu ya kumlenga kwa furaha tu. Mtume (S.A.W.) alikataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Hilo halina mjadala.

Basi wewe kijana, weka manati chini. Nawe mzazi, ukimwona kindi, mwite mtoto mkae kimya mumtazame. Muulize, "Leo kuna jua, mvua au upepo? Na mkia wake kauwekaje?" Mtoto aliyejua kazi ya mkia ule hatakuwa na hamu ya kuukata.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan karim.