Frasila Tano Nani Kazibeba? Kufundisha Kuzidisha kwa Sifuri kwenye Njia ya Misafara



Kati ya hisabati zote za shule ya msingi nimechagua sehemu ndogo kabisa: kwa nini namba yoyote ikizidishwa kwa sifuri jibu ni sifuri, na namna ya kumwezesha mtoto wa miaka minane au tisa kuiona sababu yake. Wapo watakaodhani jambo hili halistahili ukumbi huu. Mimi naamini ni hapa ambapo mtoto huamua, pengine kwa maisha yake yote, kama hisabati ina sababu au ni amri ya mwalimu tu.

Tulitazame kosa lenyewe. Mtoto amepewa 305 × 4. Anaanza vizuri: nne mara tano ishirini, anaandika 0, anashika 2. Akifika kwenye sifuri anasema nne mara sifuri ni nne, anaongeza ile 2 aliyoshika, anaandika 6. Anamaliza na 1,260, wakati jibu ni 1,220. Mtoto huyu si mzembe. Alipoanza shule aliambiwa kwamba sifuri si kitu, na kwamba 4 + 0 hubaki 4. Amekutana na sifuri tena, akaitumia kauli ileile. Kosa lake lina mantiki, na mantiki hiyo ameipata darasani.

Dawa iliyozoeleka ni kuandika kanuni ubaoni na darasa zima kuiimba. Haitoshi. Mtoto sasa ana kanuni mbili zinazofanana kwa sauti, moja ya kujumlisha na moja ya kuzidisha, wala hana cha kumwonyesha ipi ni ya wapi. Siku ya mtihani anabahatisha.

Mji wetu una kitu bora zaidi cha kumpa. Tabora ilikua juu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, na kuendelea hadi Ujiji, takriban kilomita 1,200. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, hapahapa Unyanyembe, mwaka 1857, Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kupeleka pembe za ndovu pwani kwa misafara yao wenyewe kwa miongo kadhaa. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Posho yake ilihesabiwa kwa kibaba cha nafaka kwa siku. Kiongozi wa msafara alilazimika kuzidisha kabla hajaondoka: mizigo, posho, na nguo za kulipia hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi wa Ugogo. Akikosea, watu wake walishinda njaa nyikani. Njia hiyohiyo walipitishwa watumwa, na mwalimu asiipambe mbele ya watoto hata kidogo. Lakini hesabu ya mpagazi wa Kinyamwezi ni urithi wa watoto hawa, nao wana haki ya kuukuta darasani.

Basi wasimame watoto watano mbele ya wenzao, wawe wapagazi. Kila mmoja ana frasila 2: jumla 10. Kila mmoja ana frasila 1: jumla 5. Sasa kila mmoja yuko mikono mitupu. Wapagazi bado ni watano, darasa linawaona, lakini mizani haina cha kupima. Atakayesema jibu ni tano aulizwe kwa upole: hizo frasila tano nani kazibeba? Swali hilo linamtosha, kwa kuwa ataona mwenyewe kwamba amehesabu watu badala ya mizigo.

Walimu wengi huishia hapo, na hapo ni nusu tu ya somo. Nusu ya pili ni ngumu zaidi: mzigo wa kila mpagazi ni frasila 2, lakini wapagazi wanapungua. Wakiwa watano ni 10, wanne 8, watatu 6, wawili 4, mmoja 2. Huyo mmoja naye arudi kukaa. Sasa hakuna msafara. Mtoto anayeona jibu likipungua mbilimbili hadi kwisha hahitaji kuambiwa linaishia wapi. Asipopitia upande huu, atajua 5 × 0 na kukwama kwenye 0 × 5.

Kwa darasa lenye watoto wengi, tumieni bao. Katika bao la kujifunza kila shimo huanza na kete 2, mashimo 32, kete 64. Chimbeni safu ya mashimo manane uwanjani, mtumie mbegu au kokoto. Mashimo manane yenye kete mbilimbili ni 16, yenye mojamoja ni 8. Yakiwa matupu, mashimo ni manane vilevile na kete hakuna. Hakuna shule ya Tabora isiyoweza kugharimia kifaa hiki.

Wakubwa kidogo wapewe hoja yenyewe. 5 × (1 + 0) ni 5 × 1, yaani 5. Lakini pia ni 5 × 1 na 5 × 0 zikijumlishwa. Ile 5 imekwisha patikana, kwa hiyo 5 × 0 haina nafasi ya kuwa kitu kingine isipokuwa sifuri. Brahmagupta wa India aliiandika kanuni hii mwaka 628, na katika kazi hiyohiyo akasema sifuri ikigawanywa kwa sifuri ni sifuri, jambo ambalo wanahisabati wa baadaye walilikataa. Kama bingwa wa kiwango chake alijikwaa kwenye sifuri, tusimkaripie mtoto wa darasa la tatu.

Faida ya somo hili haiishii kwenye jedwali la kuzidisha. Sekondari, mwanafunzi atakutana na (x − 3)(x + 5) = 0. Zao la namba mbili likiwa 12, hujui namba hizo ni zipi: huenda ni 3 na 4, huenda ni 2 na 6, huenda ni sehemu. Likiwa sifuri, lazima moja kati yao iwe sifuri, hivyo x ni 3 au −5. Njia hiyo yote ya kutatua milinganyo ya kipeo cha pili imesimama juu ya somo la wapagazi wasio na mizigo. Anayelikariri bila kulielewa huandika (x − 3)(x + 5) = 12, kisha akafanya x − 3 kuwa 12, na mwalimu wa sekondari akashangaa kosa limetoka wapi.

Nawaomba walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu mambo mawili. Acheni kuwaambia watoto kwamba sifuri si kitu. Ni namba, na katika 305 ndiyo inayoizuia 3 isishuke kuwa makumi. Na kanuni isiandikwe ubaoni mpaka mtoto mmoja darasani awe ameisema kwa maneno yake mwenyewe.