Tabo Katika Boti: Joto la Moshi Lipewe Njia

(Mazungumzo na wavuvi na wenye boti wa Ziwa Viktoria)



Tumeombwa tuzungumze habari ya tabo. Wengi wananunua injini kuukuu ya lori, wanaiweka katika boti ya mbao, kisha wanataka ifungwe tabo ili boti iende mbio. Sisi mafundi tumefunga kadhaa. Tumeona faida yake, na siku moja nusura tuunguze watu. Tutayasema yote mawili.

Je, tabo ni kitu gani? Ni feni mbili zilizofungwa kwenye chuma kimoja. Feni ya kwanza inakaa katika njia ya moshi. Moshi ukitoka kwa nguvu, unaizungusha. Nayo inaizungusha ya pili, ambayo kazi yake ni kuvuta hewa safi na kuisukumiza ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi inaweza kuungua, na nguvu inaongezeka. Mhandisi Alfred Büchi wa Uswisi aliandikisha ubunifu huu mwaka 1905. Tabo ndogo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja! Basi si kitu cha kufungwa ovyo ovyo.

Kwetu huku tabo ina faida. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ile ya Tanga au Mombasa, imepungua kama sehemu moja katika nane. Injini isiyo na tabo inakosa pumzi, na ukiilazimisha inatoa moshi mweusi. Tabo inairudishia pumzi hiyo.

Lakini habari ya mbio tusidanganyane. Boti nzito ya mizigo, yenye urefu wa mita 11 majini, ikifika karibu kilometa 15 kwa saa inaanza kupanda wimbi ililolifanya yenyewe. Hapo ongeza nguvu utakavyo, utakunywesha injini dizeli bure. Tabo itakusaidia kusukuma mzigo na kupambana na upepo wa mbele. Anayetaka boti iruke kama gari, huyo abadili boti, siyo injini.

Sasa tuje kwenye joto. Moshi wa dizeli inayofanya kazi nzito unaweza kufika digrii 600 za Selsiasi kabla ya kuingia katika tabo. Usiku unaweza kuliona ganda la tabo limekuwa jekundu kama kaa. Kwenye lori kuna upepo unaopita. Katika boti injini imefungiwa ndani ya sanduku la mbao, pembeni kuna tangi la dizeli, na chini kuna oili iliyomwagika. Na ubao hauhitaji kuguswa na mwali wa moto. Ukikaa karibu na bomba la moto miezi mingi, unakauka, unakuwa mweusi kama mkaa, na mwisho unashika moto kwa joto dogo kuliko linalowasha ubao mpya.

Kwa hiyo kipande cha bomba kilicho kikavu tunakivika kitambaa cha nyuzi za kioo. Kamba za asbesto zinazotolewa katika meli za zamani msizichukue hata mkipewa bure. Vumbi lake linaleta saratani ya mapafu. Tena bomba la moto linarefuka. Bomba la chuma la mita 3, likipanda joto kwa digrii 400, hurefuka kama milimita 14. Ukilikaza pande zote mbili litapasuka, na moshi utajaa ndani ya boti. Weka kiungo kinachonyumbulika, na bomba libebwe na vishikizo vyake, lisining'inie kwenye tabo.

Baada ya tabo, moshi tunauchanganya na maji ya ziwa, ndipo upite katika mpira hadi nje. Maji yaingie baada ya tabo, kamwe siyo kabla. Na bomba liinuke kwanza, kisha literemke kuelekea nje, ili maji yasirudi nyuma kwenye tabo na silinda.

Hapo ndipo tulipokosea. Mwaka 2017 tulifunga tabo katika boti moja ya mizigo. Maji ya kupoza injini yalizunguka katika mabomba yaliyopita chini ya boti. Maji ya ekzosi yalikuwa na pampu yake mbali. Siku moja boti inarudi na abiria na magunia ya dagaa, ikapita katika magugu maji. Magugu yakaziba chujio. Nahodha akatazama geji ya injini, akaona salama. Na kweli, injini ilikuwa salama! Lakini mpira wa ekzosi ulikuwa hauna hata tone la maji. Ukanuka, ukalainika, ukawaka. Kijana aliyeketi juu ya kifuniko akahisi nyayo zinaungua, akapiga kelele. Wakazima injini, wakaua moto kwa magunia waliyoyalowesha ziwani. Wote walipona.

Nahodha hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu. Hatukuweka kengele ya joto kwenye ule mpira, wala hatukumwambia atazame nyuma kila mara aone kama maji yanatoka pamoja na moshi. Siku hizi tunaweka vyote, na machujio mawili, ili moja likiziba afungue la pili.

Jambo jingine ni dizeli. Injini iliyotoka kiwandani bila tabo haikutengenezwa kubeba mzigo mkubwa. Msifungue pampu mkaizidishia mafuta. Pistoni ni za aluminiamu, jamani. Sisi tunaweka kipimajoto cha moshi kabla ya tabo, na kikipita 650 tunapunguza mafuta.

Na mkifika mwaloni msizime injini papo hapo. Iacheni ingurume taratibu dakika 3 hadi 5. Ukizima ghafla, oili inasimama wakati chuma cha tabo bado ni cha moto, inaungua na kuwa masizi, na beringi zinakufa.

Haya, sasa tufungue kifuniko muione yenyewe. Sogeeni, lakini bomba lile msiliguse, limezimwa sasa hivi.