Uraibu wa Vileo na Dawa za Kulevya Miongoni mwa Wakulima na Wavuvi wa Mwamanyili

Zinapotajwa dawa za kulevya, fikra za watu aghalabu hukimbilia Dar es Salaam, Tanga na Unguja, ambako heroini, ile waiitayo unga, iliingia kwa njia ya bahari ikaharibu maisha ya vijana wengi, kana kwamba sisi wa Busega, tulio baina ya mashamba ya pamba na Ziwa Victoria, balaa hili limetupitia mbali. Halikutupita. Kwetu limekuja kwa sura ya gongo na bangi, na maadamu sura hiyo tumeizoea tangu utotoni, hatuihesabu kuwa maradhi.

Tazameni mwaka wetu unavyokwenda. Msimu wa kuuza pamba hufunguliwa mwezi Mei, na fedha ambazo mkulima na mkewe wamezihangaikia tangu mvua za vuli humfikia mkononi kwa siku moja. Nao wavuvi wa dagaa, wanaovua kwa taa usiku wa giza, hukaa bure mbalamwezi inapong'aa. Nyakati hizo ndipo aliyekuwa akionja huanza kunywa, na aliyekuwa akinywa huanza kuamka alfajiri akitafuta chupa. Gongo imeharamishwa kwa sheria tangu zamani, na pombe za viroba zilipigwa marufuku mwezi Machi 2017, lakini mnywaji wa gongo hata leo hajui ukali wa kilichomo katika glasi yake, wala hajui kama kina methanoli, ambayo kiasi kidogo tu huweza kumpofusha.

Niruhusuni nikae juu ya jambo moja, kwani hapo ndipo mapenzi ya jamaa huua pasi na kukusudia. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka mingi, mwili wake hauwezi tena kutulia bila hiyo pombe. Ndugu zake, kwa uchungu ulio wa haki kabisa, humfungia chumbani, au humkabidhi kwa sungusungu achapwe, wakitaraji kwamba aibu itamrudishia akili. Usiku wa kwanza mikono humtetemeka na jasho humtoka hata shuka ikalowa. Siku ya pili au ya tatu huona wadudu ukutani wasiokuwapo, na huweza kushikwa na degedege akafa, kisha watu wakasema amerogwa. Hakurogwa! Ameachishwa pombe ghafla, na dawa za kumvusha salama ziko hospitalini. Arosto ya heroini, yaani mateso ya kuikosa, humtesa mtu kwa maumivu na kuharisha, lakini ni nadra kumwua. Ya pombe huua.

Na kama wapo kwetu waraibu wa heroini, Muhimbili ilianza kuwapa waraibu hao dawa ya methadoni mwaka 2011, na kwa Kanda ya Ziwa huduma hiyo iko Hospitali ya Sekou Toure, Mwanza. Dawa hiyo kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa hiyo mgonjwa wa huku hawezi kwenda na kurudi. Hana budi apate ndugu wa kumhifadhi mjini.

Basi naomba mkutano huu uazimie mawili: kwamba sungusungu, ambao tangu miaka ya 1980 wametulindia mifugo na nyumba zetu, wamfikishe mlevi aliyezidiwa kwenye zahanati bila kumpiga kiboko, na kwamba kila ukoo umtaje mapema jamaa aliye Mwanza atakayekubali kumpokea mgonjwa wake.