Ufunguo wa Taa Zetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Tumetakiwa na viongozi wa tawi tuseme nanyi juu ya kujitegemea. Neno hili limesemwa sana, na kila alisemaye hulipamba kwa namna yake. Sisi ni watu wa mizani na daftari, hatuna mapambo. Tutalisema kwa njia ya jambo moja ambalo kila mmoja wenu analijua nyumbani kwake, nalo ni umeme.

Tangu mwaka 1980 Unguja imekuwa ikipata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa Dar es Salaam, hadi Fumba. Waya ule ulikuwa na uwezo wa megawati 45, na kwa miaka mingi watu walilala na kuamka bila ya kuufikiri. Mwezi wa Mei mwaka 2008 ukaharibika, na kisiwa kizima kikakaa gizani muda wa kama mwezi mmoja. Ukatengenezwa. Mwezi wa Disemba mwaka 2009 umeme ukakatika tena, na mara hii giza likadumu miezi mitatu, hatta mwezi wa Machi 2010.

Wenye umri wa kukumbuka wanakumbuka. Taa ndiyo iliyokuwa taabu ndogo, maana babu zetu walisoma na kuandika kwa kibatari. Taabu kubwa ilikuwa maji. Pampu za visima zilisimama, na mifereji ikakauka mjini na mashamba, wanawake wakawa wanafuata maji kwa ndoo na madumu toka alfajiri. Mvuvi alipata samaki akakosa barafu. Fundi cherehani aliyekwisha zoea mashine ya umeme alirudia ile ya kukanyaga kwa mguu. Mwenye uwezo alinunua jenereta, likavuma mlangoni pake usiku kucha, na jirani yake asiye na kitu akapata moshi na makelele. Wala tusijisifu sisi wenye maduka, kwani wako wenzetu walioona katika giza lile nafasi ya kupandisha bei ya mishumaa na mafuta ya taa.

Tangu wakati ule yamefanyika mambo ya kushukuriwa. Pemba, iliyokuwa ikitegemea mitambo ya mafuta pale Wesha, iliungwa na Tanga mwaka 2010 kwa waya wa baharini, kwa msaada wa Norway. Unguja ilipata waya wa pili mwaka 2013, wenye uwezo wa megawati 100, kwa fedha za Marekani. Asiyeshukuru watu hamshukuru Mungu. Walakini yatupasa tutazame nyaya hizi zote zinaelekea wapi. Zote mwisho wake ni Bara, na ufunguo wake hauko Visiwani.

Khabari hii ilidhihirika mwezi wa Machi mwaka 2017. Rais wa Muungano wa wakati ule, Magufuli, aliliamrisha shirika la TANESCO liwakatie umeme wadaiwa wote, na Zanzibar ikatajwa kuwa inadaiwa zaidi ya shilingi bilioni 120. Rais wetu wa wakati ule, Dk. Shein, akajibu kwamba ikiwa umeme utakatwa basi watu watawasha vibatari. Wengi walilipenda jibu lile kwa ushujaa wake. Sisi tulilipenda kidogo, kisha tukafikiri juu ya pampu za maji, tukaona kwamba kibatari hakivuti maji kisimani.

Tunaelewa deni, kwa kuwa tunaishi nalo kila siku. Deni ni deni, na mwenye kudai ana haki ya kudai. Na ni kweli pia kwamba Serikali mbili zimebishana miaka mingi juu ya bei inayotupasa. Lakini mnyonge wa Ng'ambo anayenunua umeme wa Tukuza hulipa kabla hajawasha taa. Yeye hakukopa. Kwa nini basi atishwe kwa giza kwa sababu ya hesabu asiyopata kuiona? Mwenye duka anayepata bidhaa kwa mtu mmoja tu hana duka lake mwenyewe, bali yeye ni mchuuzi wa duka la mwenziwe, na siku wakigombana rafu zake zitakuwa tupu.

Wako wanaosema tungoje mafuta na gesi. Mafuta yalitiwa katika orodha ya mambo ya Muungano mwaka 1968; Baraza la Wawakilishi liliazimia mwaka 2009 yatolewe; sheria ya mwaka 2015 ikatupa njia ya kuyasimamia wenyewe, na mwaka 2018 ukatiwa saini mkataba na kampuni ya Ras al-Khaimah. Hayo ni mazuri. Lakini hapana mtu aliyepika wali kwa saini.

Tuliposoma chuoni, walimu wetu walitufundisha kwamba maji, malisho na moto ni vitu ambavyo watu ni washirika ndani yake, wala haimfalii mmoja kumzuilia mwenziwe. Moto wa zama zetu ni umeme, na kwetu sisi maji nayo yamo ndani ya umeme. Kwa hiyo tunapouliza nani anashika ufunguo, tunauliza jambo la haki kabla ya kuwa la siasa.

Sasa tuwahadithieni kisiwa kimoja cha mbali kiitwacho Eigg, pwani ya magharibi ya Scotland. Ni kidogo, hakifiki hatta kilomita za mraba 32, na mwaka 1997 wakaazi wake walikuwa kiasi cha watu 65 tu. Kisiwa chote kilikuwa mali ya tajiri mmoja baada ya mwengine, na mkaazi hakuwa na hakika ya nyumba aliyolala. Watu wale wakaungana, wakachangisha, wakasaidiwa na maelfu ya watu wa nje, na mama mmoja ambaye jina lake halikutangazwa akatoa sehemu kubwa. Mwezi wa Juni mwaka 1997 wakakinunua kisiwa chao kwa pauni milioni moja na nusu.

Hawakuwa na waya wa baharini. Kila nyumba ilikuwa na jenereta lake na mafuta yake. Mwezi wa Februari mwaka 2008, miezi mitatu kabla ya giza letu la kwanza, wakawasha umeme wao wenyewe: wa maji ya vijito, wa upepo na wa jua, pamoja na mabetri ya kuhifadhia na jenereta la akiba. Fedha nyingi zilitoka nje, khasa Ulaya, wala hawaoni haya kusema hivyo. Lakini mitambo ni mali yao, na mafundi ni wakaazi wenyewe.

Jambo lililotupendeza zaidi ni kanuni waliyojiwekea. Kila nyumba ina mpaka wa kilowati 5, na kila mahala pa biashara kilowati 10, awe tajiri awe masikini. Akizidisha mtu, umeme wa nyumba yake hukatika mpaka mwenzao aje kuurudisha, na hulipishwa. Mvua na upepo vikizidi, umeme wa ziada hutumika kutia joto majumba ya watu wote. Yaani wametawala mambo yao hatta katika kujinyima, na hapana aliyewalazimisha.

Mtu atatuambia kwamba Eigg ni kijiji, na Zanzibar ilihesabiwa watu karibu 1,900,000 mwaka 2022. Kweli. Umeme wote wa Eigg haungetosha hoteli moja kubwa ya Nungwi, wala hatuna milima ya kushusha vijito. Hatusemi nyaya zikatwe. Twasema asiwepo mtu ng'ambo ya bahari awezaye kutuzimia pampu ya maji.

Na liko jambo jengine katika khabari za Scotland ambalo viongozi wetu huenda wasilipende. Nchi ile ilipiga kura mwaka 1997 ikapata Bunge lake mwaka 1999. Ilipoulizwa juu ya uhuru kamili mwaka 2014, asilimia 55 walikataa. Lakini katikati ya mjadala ule, watu wa visiwa vya Orkney, Shetland na vile vya magharibi walisimama wakauliza: madaraka yakitoka London yakafika Edinburgh, sisi tutapata nini? Mwaka 2018 ikapitishwa sheria khasa ya visiwa. Mpemba anaielewa hoja hii bila ya kufasiriwa. Tukidai madaraka yatoke Dodoma ili yakae Vuga tu, mtu wa Micheweni atakuwa amebadilishiwa bwana.

Kwa hiyo twataka madai yetu yaanzie chini. Kaskazini Unguja wako kina mama, wengine hawakupata kusoma skuli, waliofunzwa na Barefoot College kufunga na kutengeneza taa za jua vijijini mwao. Kina mama hawa ni mafundi, na chama hiki kingefanya vyema kuwaalika hapa kabla ya kumwalika mbunge mwengine.

Tawi limefungua daftari. Kila shehia iandike ndani yake visima vyake vinavyotegemea pampu ya umeme, skuli na vituo vya afya visivyo na taa za akiba, na mapaa yanayofaa kuwekwa sola. Wawakilishi wetu wakienda Barazani waende na hesabu. Daftari liko dukani kwetu, kila siku baada ya sala ya Alasiri.